Mdingi Ndani ya Mkoba

 

Karani wa sensa akibisha hodi mlangoni kwako, mtu wa kwanza anayemuulizia ni mkuu wa kaya. Neno hili, kaya, kwetu siku hizi limekuwa la kiofisi: mapato ya kaya, bajeti ya kaya, kaya maskini. Lakini nenda Kilifi au Kwale, uwaulize wazee wa Kimijikenda kaya ni nini, watakuonyesha msitu. Kaya Kinondo, Kaya Rabai, Kaya Fungo. Ndiko walikokaa wahenga wao, ndiko kwenye makaburi yao na mahali pao pa kuomba, na mgeni haingii ovyo. Mwaka 2008 UNESCO iliitia misitu hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Sasa lichukue neno hilo ushuke nalo kusini, uvuke Zambezi, uvuke Limpopo, ufike kwa Waxhosa wa Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini. Nyumbani wao wanapaita ikhaya. Zikiwa nyingi, ni amakhaya. Mzizi ni uleule mmoja, tumegawana kama ndugu wanavyogawana mashamba ya babu. Na tarehe 6 Julai 1977, katika kijiji cha Mdingi, karibu na mji uliokuwa ukiitwa King William's Town, alizaliwa mtoto wa kiume akapewa jina la Makhaya.

Huyo Makhaya, Makhaya Ntini, ndiye ninayetaka tumzungumzie jioni ya leo. Alikuwa mrushaji mpira wa kriketi, mmoja wa warushaji hodari kabisa ambao bara letu limepata kuwatoa. Alistaafu mechi za kimataifa Januari 2011, sasa ni miaka mingi. Lakini ninachokitafuta mimi leo si wiketi zake. Ninakitafuta kile kijiji. Nataka kujua mtu anayetoka kwao akiwa kijana na kuizunguka dunia nzima anabaki vipi kuwa wa kwao, tena mpaka nywele zinaanza kuota mvi.

Najua baadhi yenu mnasema, kriketi? Mchezo ule wa watu wa Gymkhana, wenye suruali nyeupe? Nawaelewa. Mimi mwenyewe nilikulia nikiamini hivyo. Lakini kumbukeni Machi 2003, Kenya ilipocheza nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Durban. Kumbukeni Juni 2024, Waganda walipokwenda mpaka Guyana na kuifunga Papua New Guinea kwenye Kombe la Dunia. Mchezo huu umeshapiga hodi kwetu zamani. Kwa asiyeufahamu, niseme hivi tu: mrushaji anakuja mbio, anaurusha mpira mgumu kuelekea vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, na mpigaji mwenye gongo anavilinda vijiti hivyo. Mrushaji akimtoa mpigaji, amepata wiketi. Mechi kubwa kuliko zote huchukua siku tano, nazo huitwa Test. Ntini alicheza Test 101 na kupata wiketi 390. Kwa Afrika Kusini yote, waliomtangulia kufikisha 300 walikuwa wawili tu, Allan Donald na Shaun Pollock. Mwaka 2003 alikwenda Lord's, uwanja wa London ambao watu wa kriketi wanauheshimu kama waumini wanavyoheshimu mahali pa hija, akapata wiketi kumi katika mechi moja. Hakuna Mwafrika Kusini aliyewahi kulifanya hilo pale kabla yake. Alipiga magoti akaibusu ile ardhi. Miaka miwili baadaye, Port of Spain, alipata wiketi 13 dhidi ya West Indies akiwaachia pointi 132 tu, rekodi ya nchi yake kwa mechi moja. Takwimu nitaziacha hapo.

Jina lake la uwanjani lilikuwa Mdingi Express. Tulia kidogo kwenye jina hilo. Wachezaji wengi hupewa majina ya utani ya wanyama au ya silaha: simba, chui, nyundo, bunduki. Huyu alibandikwa kijiji chake. Kila alipoanza mbio zake, mtangazaji wa Sydney, wa Kolkata, wa Birmingham, akajikuta analitamka jina la kijiji ambacho asingeweza kukionyesha kwenye ramani. Ni kama mabasi yetu ya mikoani yanayoandikwa jina la kwao mwenye basi kwenye kioo cha mbele. Unasimama Ubungo zamani zile, unasoma jina la kata ambayo hujawahi kuisikia, na tangu siku hiyo unajua kwamba kata hiyo ipo.

Sasa hadithi ya Ntini huwa inasimuliwaje? Inasimuliwa hivi. Palikuwa na mvulana maskini, mchunga ng'ombe, hana viatu, hajawahi kuona vifaa vya kriketi. Siku moja ofisa wa maendeleo wa chama cha kriketi cha eneo la Border, jina lake Raymond Booi, akafika Mdingi kuanzisha kriketi ya watoto. Akamwona kijana anarusha mpira peku, akashangaa. Akamwazima raba. Akamwombea nafasi ya kufanya mazoezi mjini. Kisha akampigia simu mkubwa wake, Greg Hayes, akamwomba amtie kijana huyo kwenye tamasha la vijana la Queenstown. Hayes akamnunulia viatu vipya na kumwonya asiende navyo machungani. Queenstown kijana akawatoa wapigaji, akapelekwa kusoma Dale College, na yaliyofuata dunia inayajua. Machi 1998, uwanja wa Newlands, Cape Town, Makhaya Ntini akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini mechi ya Test.

Hadithi hiyo ni ya kweli, na Booi anastahili heshima yake yote. Mtu aliyeona mwendo wa mguu peku kwenye vumbi akajua kuna kitu pale, ana jicho. Lakini namna inavyosimuliwa inanisumbua, nami nitasema kwa nini.

Inasimuliwa kama vile Mdingi palikuwa mahali patupu. Kama vile kriketi ilishuka na gari la ofisa siku ile, ikamkuta mtoto asiye na chochote, ikampa kila kitu. Kijiji kinabaki kuwa mahali pa kutoka tu, shimo ambalo mtu mwenye bahati alitolewa. Ukilisikia jambo hilo mara nyingi unaanza kuamini kwamba anayependa kwao anafanya hivyo kwa huruma tu, kama anavyomhurumia ndugu aliyebaki nyuma.

Hebu tuiangalie hiyo Rasi ya Mashariki vizuri.

Pale Waxhosa na wakoloni wa Kizungu walipigana vita vya mpakani kwa karibu miaka mia, na mpaka mwaka 1879 vilipokwisha, ardhi ilikuwa imeshakatwakatwa. Nyuma ya majeshi walikuja wamisionari. Walijenga shule: Lovedale karibu na mji wa Alice, Healdtown karibu na Fort Beaufort, St Matthew's kule Keiskammahoek. Wanafunzi weusi walifundishwa Biblia, Kilatini, useremala, na alasiri wakapelekwa uwanjani kucheza kriketi. Wakaupenda mchezo. Waliporudi vijijini na mijini wakaunda klabu zao. John Tengo Jabavu, aliyeanzisha gazeti la Imvo Zabantsundu pale King William's Town mwaka 1884, alikuwa akichapa habari za mechi za Waafrika pamoja na habari za siasa na za makanisa. Yaani zaidi ya miaka mia kabla ya Ntini kupata umaarufu, mji ule ambao kijiji chake kinautegemea kwa soko na basi ulikuwa na Waafrika wanaocheza kriketi, wanaoiandika, na wanaoisoma gazetini kwa lugha yao wenyewe.

Kwa hiyo anapotajwa kuwa mweusi wa kwanza, sharti tujue maana yake. Alikuwa wa kwanza kuruhusiwa. Walioweza walikuwapo kizazi baada ya kizazi, wakacheza kwenye viwanja vya majani makavu, wakazeeka, wakafa bila kuvaa jezi ya nchi yao. Naliona jambo hili kila ninapotazama picha yake ya Newlands, kijana wa miaka 20. Nyuma yake naona msafara mrefu wa watu ambao hawakupigwa picha.

Na kuna jambo jingine kuhusu hilo neno nyumbani. Serikali ya ubaguzi ililiiba. Ilipotaka kuwavua Waafrika uraia wa nchi yao, iliwatengea vipande vya ardhi iliyochakaa ikaviita nchi zao za nyumbani. Rasi ya Mashariki ilipewa mbili, Transkei na Ciskei. Sheria ya mwaka 1970 ikamfanya kila Mwafrika kuwa raia wa kipande fulani, hata kama alizaliwa Johannesburg na hajakanyaga huko. Mwaka 1981 Ciskei ikatangazwa eti nchi huru, makao yake makuu Bisho, hapo hapo ubavuni mwa King William's Town. Hakuna taifa duniani lililoitambua isipokuwa Pretoria na vibaraka wenzake. Septemba 1992, wakati Ntini ana miaka 15, askari wa Ciskei waliwafyatulia risasi waandamanaji pale Bisho wakawaua 28. King William's Town yenyewe ndiko alikokulia mpigania haki Steve Biko, kwenye mtaa wa Ginsberg, na Biko alifia mikononi mwa polisi Septemba 1977, miezi miwili tu baada ya Makhaya kuzaliwa.

Katika ardhi ya namna hiyo, ambako mtawala aligeuza neno nyumbani kuwa kitanzi, mtoto aliitwa kwa neno hilohilo. Sijui wazazi wake waliwaza nini, na sitawasemea. Lakini jina lenyewe nalisikia sikioni kama mtu anayechukua chake kutoka mkononi mwa mwizi.

Sasa nifike kwenye mkoba.

Ntini amesimulia kwamba katika safari zake za mechi, ndani ya mkoba wake wa vifaa, pamoja na viatu na taulo na fulana za jasho, alibeba kipande cha kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kutoka kwao kijijini. Kwake kilikuwa kitu cha baraka. Kilimkumbusha atokako.

Baadhi ya magazeti ya nje yalilitia jambo hilo kwenye orodha za vituko vya wachezaji, pamoja na yule anayevaa soksi ya kushoto kwanza na yule asiyenyoa ndevu timu ikishinda. Niliposoma niliumia kidogo, maana mimi nimekulia Mbulu.

Mbulu ni baridi, msikilizaji. Mwezi wa saba asubuhi unatoka na ng'ombe huku umande unakuuma vidole vya miguu kama siafu. Hatukuwa na viatu. Ng'ombe akiinua mkia, mtoto wa karibu anakimbilia pale, anazamisha miguu yote miwili kwenye kile kinyesi cha moto, anasimama hapo ametulia, macho yamefumba, mvuke unapanda mpaka magotini. Tulikuwa tukigombea. Mwenye ng'ombe mkubwa alikuwa tajiri. Halafu unarudi nyumbani, unamkuta bibi amepiga magoti, anakandika sakafu kwa kinyesi kilekile alichokichanganya na udongo na majivu, anakipapasa kwa kiganja mpaka kinalainika kama ngozi ya mtoto. Harufu yake mbichi inakaa siku moja. Ya pili, nyumba inanuka jua. Shambani ndiyo mbolea. Wakati wa mvua, kuni zikilowa, kile kilichokauka ndicho kinachowasha moto. Kwa hiyo ukiniambia mtu amebeba kipande cha samadi ya kwao mkobani, sioni kituko. Amebeba sakafu, amebeba jiko, amebeba shamba, amebeba joto la asubuhi. Na hakina uzito.

Kwa Waxhosa jambo hilo lina kina zaidi hata ya kwetu. Zizi la ng'ombe ndilo moyo wa boma. Ndipo mababu wanapozungumzishwa, ndipo mahari inapohesabiwa. Mwaka 1856 na 1857, baada ya ugonjwa wa mapafu kuangamiza mifugo na baada ya kushindwa vita kadhaa, binti mmoja, Nongqawuse, alisema ameambiwa na mizimu kwamba watu wakiwachinja ng'ombe wao wote, wafu watafufuka na wageni watafagiliwa baharini. Wanahistoria wanakadiria ng'ombe laki nne walichinjwa, na watu kama elfu arobaini wakafa kwa njaa. Nchi ile ilivunjika mgongo. Kwa jamii yenye kumbukumbu hiyo, ng'ombe aliyerudi zizini ni zaidi ya mali. Mtoto anayemchunga anachunga kitu kilichowahi kupotea chote.

Lakini mkoba huo una hadithi ya pili, nayo ni chungu.

Julai 2020, wakati dunia nzima ilipokuwa ikizungumzia ubaguzi wa rangi, Ntini alikaa mbele ya kamera za shirika la utangazaji la nchi yake akasema alilokaa nalo miaka mingi. Alisema ndani ya timu alikuwa mpweke daima. Wenzake walipanga kwenda kula chakula cha jioni mbele yake na wasimgongee mlango. Asubuhi akiingia kwenye chumba cha kifungua kinywa, hakuna aliyekuja kukaa mezani pake. Akikaa nyuma ya basi, wenzake wanakwenda mbele. Timu ikishinda wote walifurahi, ikishindwa yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa. Akatafuta njia. Asubuhi alikuwa akimkabidhi dereva wa basi mkoba wake, kisha anakimbia kwa miguu kutoka hotelini mpaka uwanjani. Jioni vivyo hivyo, mkoba kwa dereva, yeye barabarani.

Miaka yote ile sisi tulisifu pumzi zake. Tulisema, tazama huyu mtu asivyochoka, anarusha tangu asubuhi mpaka jua linazama, hata uwanjani anakuja mbio. Watangazaji walimtaja kama mfano wa mazoezi. Kumbe alikuwa anaukimbia upweke.

Nimeziweka hadithi hizo mbili pamoja na sasa haziachani kichwani mwangu. Basi linaondoka, viti vimejaa watu waliovaa jezi moja naye, na hakuna wa kuzungumza naye. Kwenye buti la basi hilo, ndani ya mkoba wa Ntini, kipande cha Mdingi kinasafiri kimya. Naye anakimbia barabara ya mji wa ugenini peke yake. Wakikutana uwanjani, anaufungua mkoba.

Nimewaza sana kwa nini mtu huyu hakuikana asili yake. Angeweza. Wapo walioikana kwa mambo madogo zaidi. Tunawafahamu, wengine ni jamaa zetu, wakirudi likizo wanajifanya wamesahau lugha. Naona jibu liko hapo kwenye basi. Mahali unapofanya kazi pasipokupa kiti, lazima uwe na mahali pengine ambapo kiti chako kipo hata usipokuwapo. Mapenzi ya Ntini kwa Mdingi sidhani yalikuwa anasa ya mtu aliyefanikiwa. Yalimshikilia asianguke.

Alipostaafu alifanya nini? Alizunguka kidogo. Mwaka 2016 alikwenda Zimbabwe kuwafundisha warushaji, na kwa muda akaishika timu nzima. Septemba 2014 alikuja hata kwetu. Ndiyo, alipanda Kilimanjaro. Alikuwa kwenye kundi la wachezaji, akiwamo Ashley Giles na Heather Knight wa Uingereza, waliokwenda kucheza mechi ya kriketi ndani ya kreta la Kibo, zaidi ya mita 5,700 juu ya usawa wa bahari, wakaweka rekodi ya mechi iliyochezwa mahali pa juu kuliko zote duniani, wakichangisha fedha za hisani. Wapagazi wetu waliozoea kubeba mahema na mitungi ya gesi siku hiyo waliona vijiti vitatu vikisimikwa kwenye jivu la volkano, na mawingu yanakuja kuwafunika wachezaji. Ningelipa nauli yangu nimwone mtoto wa Mdingi akianza mbio zake pale, ambapo hata kufunga kamba za viatu kunakata pumzi.

Lakini kazi yake aliyoipa jina lake aliipeleka kwao. Alianzisha shule ya kriketi Mdantsane. Sijui kama mnaifahamu Mdantsane. Ni mji mkubwa wa Waafrika nje ya jiji la East London, hukohuko Rasi ya Mashariki, uliojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka mitaa ya karibu na mji. Dunia inaujua kwa ngumi: Happyboy Mgxaji, Welcome Ncita, Vuyani Bungu, wote ni wa huko. Ntini akaona watoto wa mji wa mabondia wanaweza pia kurusha mpira. Mtu mwenye jina lake angefungua shule Cape Town au Johannesburg, karibu na wafadhili na karibu na nyasi nzuri, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwenye kuijua kazi ya kuendesha kituo cha michezo mbali na mji mkuu, ambako hata mpira mmoja ukipotea kwenye majani mazoezi yanasimama watoto wote wautafute, anajua uzito wa uamuzi huo.

Wapo wanaosema mapenzi ya namna hii kwa jimbo la kwenu ni ukabila uliovalishwa nguo nzuri. Nimeisikia hoja hiyo hata kwenye studio hii, na siidharau, maana katika nchi zetu tumeona kwao-kwao ikipasua mabaraza na hata kumwaga damu. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: mtu anayependa kwao kwa ubaya huwa anahesabu nani si wa huko. Ntini aliwaletea watu wote jina la kijiji chake walitamke, weusi na weupe, Wahindi na Waaustralia. Warushaji wa Zimbabwe aliwapa ujuzi uleule. Hakumfungia mtu nje.

Nimalizie na jambo linalonigusa mimi binafsi kwa kuwa kazi yangu ni mdomo.

Baada ya kustaafu, Ntini alikaa pia kwenye kiti cha mtangazaji, na mechi alizitangaza kwa Kixhosa. Kwa miongo mingi kriketi ya Afrika Kusini hewani ilikuwa ya Kiingereza na Kiafrikana. Bibi aliyeko Mdingi, ambaye mjukuu wake anacheza, alikuwa akisikia kelele za uwanja na jina la mjukuu, basi. Kati ya jina moja na jingine ni maneno ya watu wengine. Siku hizi anaweza kuketi na redio au televisheni yake akasikia mchezo mzima kwa lugha anayokemea nayo ng'ombe na kuombea nayo.

Sisi kwa Kiswahili tumeazima, tunasema kriketi. Waxhosa hawakuazima. Mchezo huo wana neno lao: iqakamba. Hiyo q ni kidoko, ulimi unabandikwa juu ya kaakaa kisha unabanduliwa kwa nguvu, na mlio wake ni kama mpira mgumu ulivyo ukigonga gongo katikati kabisa. Jaribu kulitamka hapo ulipo. Mimi nimejizoeza wiki nzima na bado linanipiga chenga. Ntini analitamka bila kufikiri, kama alivyolitamka alipokuwa peku, kabla ya raba za kuazimwa, kabla ya Lord's. Neno hilo lilikuwapo Mdingi likimsubiri azaliwe.